Mwanafizikia ana kazi gani na nyumbu?

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nasoma usimamizi wa wanyamapori, mwaka wa pili. Hivi karibuni tulifundishwa na mhadhiri mgeni ambaye shahada zake zote ni za fizikia. Alijaza ubao milinganyo ya "mla" na "mliwa", akachora mistari inayopanda na kushuka, akasema hivyo ndivyo simba na nyumbu wanavyoishi. Mwenzetu mmoja alimwuliza kama amewahi kumwona nyumbu akizaa, akajibu hapana. Sikutaka kumvunjia heshima, lakini swali limenikaa rohoni. Mtu aliyezoea atomu, ambazo zote zinafanana, anapata wapi ujuzi wa kuzungumzia wanyama ambao kila mmoja ana tabia yake? Na sisi tutakaokuwa porini tufanye nini na milinganyo hiyo?

*Jibu:* Marahaba, na asante kwa kuuliza jambo ambalo wengi hulinung'unikia nje ya darasa tu. Nafanya kazi na wanafizikia kila siku na naamini wana kitu cha kutupa, kwa hiyo nitawatetea. Lakini sitakuficha walikoteleza.

Nianze kwa kukubaliana nawe. Mlinganyo ule wa ubaoni hauelezi jinsi simba na nyumbu wa Serengeti wanavyoishi, na kama mgeni wenu alisema hivyo kwa maneno hayo, alizidisha. Nitafika Serengeti. Kwanza ujue mlinganyo wenyewe ulitoka wapi, maana haukutungwa kwa ajili ya simba. Ulitungwa kwa ajili ya samaki, kujibu swali moja lililomkera mtu mmoja.

Mtu huyo ni Umberto D'Ancona, mwanabiolojia wa bahari wa Italia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa akipitia takwimu za masoko ya samaki ya Trieste, Fiume na Venice, kwenye bahari ya Adriatic. Katika soko la Fiume, mwaka 1914, papa, taa na jamaa zao walikuwa takribani asilimia 12 ya samaki wote walioletwa. Mwaka 1918 walifika asilimia 36. Vita vilipokwisha wakaanza kushuka, na kufikia 1923 walikuwa wamerudi kwenye asilimia 11 hivi. Kwamba vita vilipunguza uvuvi, hilo kila mtu alilijua. Lisiloeleweka ni kwa nini kupumzika kwa nyavu kuliwafaidi zaidi samaki wanaokula wenzao kuliko wale wanaoliwa. Nyavu zilikuwa zikiwachukua wote.

D'Ancona akampelekea swali Vito Volterra, aliyekuja kuwa baba mkwe wake. Volterra alikuwa profesa wa fizikia ya kihisabati Roma tangu mwaka 1900. Hakujua samaki. Alichokifanya ni kukubali mambo matatu tu. Samaki wanaoliwa, wakiachwa peke yao, huongezeka kwa kasi fulani. Wanaokula, wakikosa chakula, hupungua kwa kasi fulani. Na mara ambazo mla anamkuta mliwa hutegemea idadi ya wala ikizidishwa kwa idadi ya waliwa. Jambo hili la tatu ndilo lenye alama ya fizikia na kemia: ndivyo wanavyohesabu migongano ya chembe za gesi ndani ya chupa. Si ajabu kwamba Alfred Lotka, aliyetokea upande wa kemia, alichapisha milinganyo hiyohiyo mwaka 1925, mwaka mmoja kabla ya Volterra.

Sasa tazama kinachotoka humo. Ukikokotoa wastani wa muda mrefu, wastani wa waliwa hautegemei hata kidogo kasi yao ya kuzaana. Unategemea kasi ya kufa kwa wala, na ni kiasi gani wala wanafaidika kwa kila mlo. Wastani wa wala nao unategemea kasi ya kuzaana kwa waliwa. Mambo yamebadilishana nafasi. Basi ongeza uvuvi wa kiasi, unaowagusa wote kwa usawa. Vifo vya wala vimeongezeka, kwa hiyo wastani wa waliwa *unapanda*. Ongezeko la waliwa limepungua, kwa hiyo wastani wa wala *unashuka*. Simamisha uvuvi kwa miaka minne ya vita, na papa watakuwa wengi sokoni. D'Ancona alipata jibu lake.

Hakuna mvuvi ambaye angefika hapo kwa uzoefu peke yake, hata awe ameishi baharini maisha yake yote, kwa sababu jibu linakwenda kinyume na hisia. Na halikuishia kwenye samaki. Katika karne ya 19 mdudu gamba kutoka Australia aliingia California akaanza kuangamiza michungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1880 akaletwa adui yake kutoka hukohuko, mbawakawa mdogo mwekundu mwenye madoa meusi, na mdudu gamba akashuka akabaki wa kuhesabika. Miaka ya 1940 wakulima wakapuliza DDT wakitumaini kummaliza kabisa. Mdudu gamba akafumuka upya. Sumu inayoua mla na mliwa kwa pamoja humfaidi mliwa. Volterra alikuwa ameshaliandika hilo mwaka 1926. Afisa kilimo yeyote anayekabidhiwa dawa ya kuua kila mdudu shambani angefaa kuujua mlinganyo huu kabla ya kufungua chupa.

Haya, twende kwenye kiini cha swali lako: atomu zinafanana, wanyama hawafanani. Ni kweli. Lakini kazi ya mwanafizikia wa namna hii haitegemei kufanana. Anauliza ni tofauti zipi zinapotea wakiwa wengi, na zipi hazipotei. Nyumbu mmoja ni mwoga, mwingine ni mzembe, mwingine amevunjika mguu. Wakiwa milioni moja, tofauti hizo zinajumlishwa zote ndani ya kasi moja ya kufa. Wakiwa ishirini hazijumlishwi, na hapo mlinganyo laini wa Volterra, unaohesabu wastani tu bila bahati, unavunjika. Mrusi Georgy Gause aliuvunja kwa macho yake katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1934. Aliweka ndani ya bomba la kioo viumbe wawili wa chembe moja, mmoja mla na mwingine mliwa, akitarajia kuona kupanda na kushuka kusikokoma. Mla alimaliza chakula chote, kisha akafa njaa. Alipowawekea waliwa mahali pa kujificha, wala walikufa njaa na waliojificha wakaongezeka. Mzunguko aliupata pale tu alipoingiza wanyama wapya kila baada ya siku chache.

Jibu la wanafizikia halikuwa kulipuuza jaribio hilo. Walichukua milinganyo wakairudisha chini, kwenye mnyama mmojammoja, ambapo kuzaliwa na kufa ni matukio ya bahati. Mwaka 2005 Alan McKane na Timothy Newman walionyesha kwamba bahati hiyo ya mmojammoja haichafui tu picha. Inaweza yenyewe kuendesha mizunguko mikubwa ya wala na waliwa, mahali ambapo mlinganyo laini ungesema kila kitu kitatulia. Kwa hiyo unapoona idadi ya wanyama ikipanda na kushuka, usikimbilie kutafuta sababu ya nje kwa kila wimbi.

Lakini mchango ninaouona mkubwa kuliko yote ni wa Robert May, na kwake nitakaa kidogo. May alikuwa Mwaustralia aliyepata shahada ya uzamivu Sydney mwaka 1959 kwa utafiti wa metali zinazopitisha umeme bila ukinzani. Enzi hizo wanaikolojia walikuwa na imani iliyopendeza sana: mfumo wenye spishi nyingi zenye mahusiano mengi huwa imara zaidi. Charles Elton, mkubwa wao wa Uingereza, aliitetea mwaka 1958 kwa hoja nzuri za porini. Mashamba ya zao moja hushambuliwa na wadudu, visiwa vidogo huvamiwa na wageni. Misitu ya tropiki, yenye kila kitu, haionekani kupatwa na hayo.

May aliuliza: je, wingi *peke yake* unaleta uimara? Akajenga jamii ya kufikirika. Ina spishi kadhaa, na kila spishi, ikiachwa peke yake, ingerudi kwenye hali yake ya kawaida ikisukumwa kidogo. Kisha spishi zinaguswa na nyingine kwa kubahatisha, baadhi kwa kunufaishwa na baadhi kwa kudhuriwa. Jamii nzima inakuwa jedwali kubwa la namba za nasibu, na majedwali ya namna hiyo yalikuwa yameshachunguzwa. Eugene Wigner aliyatumia miaka ya 1950 kuelewa viini vizito vya atomu, ambavyo vina chembe nyingi mno kufuatwa mojamoja. May akaichukua hesabu hiyo akaipeleka msituni.

Jibu alilolichapisha mwaka 1972 linaingia katika sentensi moja. Chukua idadi ya spishi, zidisha kwa sehemu ya jozi ambazo kweli zinagusana, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa nguvu ya kawaida ya mguso. Jibu la kuzidisha huko likizidi 1, jamii karibu hakika itavurugika. Ijaribu kwa namba. Spishi 100, na jozi moja kati ya kumi inagusana: 100 mara 0.1 ni 10, kipeuo chake ni 3.16, kwa hiyo nguvu ya mguso isizidi 0.32. Fanya spishi ziwe 400 na nguvu inayoruhusiwa inashuka hadi nusu, 0.16. Wingi, kama mambo yamepangwa kwa bahati tu, *hupunguza* uimara.

Soma tena maneno "kama mambo yamepangwa kwa bahati tu". May hakusema misitu si imara. Alisema kwamba kama ni imara, wingi wake hautoshi kuwa sababu, na mtu aende akatafute sababu yenyewe. Baada ya hapo wanaikolojia walianza kupima vitu ambavyo hawakuwa wakivipima: ni mahusiano mangapi ni dhaifu, yamekaa katika makundi gani, nani anamla nani na kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 2012 Stefano Allesina na Si Tang waliirudia hesabu hiyo wakitenganisha aina za mahusiano. Wakakuta kwamba jozi za mla na mliwa huongeza uimara, ilhali ushindani na kusaidiana huupunguza. Mwaka 2022 maabara ya Jeff Gore, ambaye naye alisomea fizikia, katika chuo cha MIT kule Marekani, ilichapisha matokeo ya jamii za bakteria zilizoongezewa spishi na nguvu ya mguso kidogo kidogo. Kwanza spishi zote ziliishi pamoja kwa utulivu. Kisha baadhi zikatoweka na waliobaki wakatulia. Mwishowe idadi zikaanza kupanda na kushuka bila kukoma. Mpangilio huo ndio nadharia ilioutabiri.

May alikuja pia na jambo la pili mwaka 1976, na hili unaweza kulifanya mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Chukua namba kati ya 0 na 1 iwakilishe idadi ya wadudu mwaka huu, ukihesabu 1 kuwa kikomo. Idadi ya mwakani ni namba hiyo, mara (1 toa namba hiyo), mara kizidisho kimoja cha kuzaana. Kizidisho kikiwa 2.8, anza popote, utatulia kwenye 0.643. Kikiwa 3.2, idadi itarukaruka kati ya 0.513 na 0.799, mwaka huu huku, mwakani kule. Kikiwa 3.9 hakuna mpangilio unaojirudia. Anza na 0.400, kisha rudia ukianza na 0.401. Kwa miaka kumi hivi mifuatano miwili itafanana kwa sura, lakini mwaka wa 14 mmoja utakuwa kwenye 0.60 na mwingine kwenye 0.37. Hakuna mvua mbaya humo, hakuna ugonjwa, hakuna bahati. Kosa la sehemu moja kwa elfu katika sensa ya kwanza limeshafuta utabiri wote. Mwaka 1997 kundi la watafiti la Marekani lilionyesha vurugu ya namna hiyo kwa wadudu halisi wa unga, kwa kubadilisha vifo vya wakubwa na idadi ya wanaoingia utu uzima kama modeli yao ilivyoelekeza.

Sasa Serengeti. Sotoka iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi wa kutisha, kisha ikabaki. Miaka ya 1950 ng'ombe wa maeneo ya jirani walichanjwa, na kufikia 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu, ingawa wao hawakuchomwa sindano hata mmoja. Sensa ya 1961 ilikuta nyumbu kama 260,000. Ya 1977 ilikuta zaidi ya milioni 1.3. Hilo ni ongezeko la asilimia kumi hivi kwa mwaka. Kama lingeendelea hadi leo, tungekuwa na nyumbu zaidi ya milioni 100. Hatunao. Idadi ilitulia karibu na ileile ya 1977, ikashuka chini ya milioni moja baada ya ukame wa 1993, ikapanda tena.

Nini kiliisimamisha? Mgeni wenu angejibu kwa mlinganyo wake: simba. Lakini modeli bora zaidi zinakataa, na ni kwa hoja ya kihisabati. Mlinganyo wa Volterra unadhani mla anamfuata mliwa kila aendako. Simba wa Serengeti ana eneo lake na watoto wa kuwatunza. Nyumbu wakihama, hubaki. Idadi yake inaamuliwa na wanyama wachache wanaobaki naye miezi ya njaa, si na mamilioni yanayopita. John Fryxell, John Greever na Anthony Sinclair walilionyesha hilo kwa modeli mwaka 1988, na ndiyo sababu wanyama wanaohama wanaweza kuwa wengi kuliko wasiohama mara nyingi. Kisha Simon Mduma, Sinclair na Ray Hilborn wakaweka pamoja kumbukumbu za miaka arobaini, zikachapishwa 1999: kinachowapunguza nyumbu zaidi ni njaa ya kiangazi. Majani ya kijani kwa kila mnyama katika miezi mikavu ndiyo yanayoamua wangapi watakufa.

Ninalipenda tukio hili kwa sababu limehitaji watu wa aina zote mbili. Bila waliopanda ndege ndogo kupiga picha makundi, hakuna namba. Bila modeli, namba zile zingebaki orodha, na kila mtu angezisoma kwa imani yake.

Na walikoteleza? Mlinganyo wa ukuaji wenye kikomo, ule aliouandika Mbelgiji Verhulst mwaka 1838, unasema samaki huongezeka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa nusu ya kikomo chao. Watu wakaugeuza amri ya uvuvi: shusha idadi hadi nusu, kisha vuna ongezeko lote kila mwaka. Kwenye karatasi ni sahihi. Peru ilivua zaidi ya tani milioni 12 za dagaa wake mwaka 1970. El Niño, joto la bahari lisilo la kawaida, ilipokuja 1972 akiba ikaporomoka. Mlinganyo ule hauna bahari yenye joto ndani yake, wala hauna kosa la sensa, na anayevuna hadi ukingoni hana nafasi ya kukosea hata kidogo. Hapa nawalaumu wataalamu wenzangu wa hesabu kuliko wavuvi. Walijua wamerahisisha kitu gani, na hawakulisema kwa sauti ya kutosha.

Umeuliza mfanye nini porini. Kila sensa mtakayofanya, andikeni kosa lake la makadirio kando ya idadi, kwa sababu namba isiyo na kosa lake haiwezi kuingizwa kwenye modeli yoyote ya maana. Msihesabu walio hai tu. Mkikuta mzoga, vunjeni mfupa mrefu muangalie uboho: ukiwa mweupe, mgumu na wa mafuta, mnyama huyo hakufa njaa, ukiwa umegeuka kama utelezi unaopitisha mwanga, alikuwa ameishiwa hata kama simba ndiye mlimkuta juu yake. Utafiti wa 1999 usingeweza kutenganisha njaa na simba bila kazi hiyo ya kuchosha. Ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo msimu wa kiangazi, omba kupangwa kwenye mizoga. Na kabla hujaondoka mwandikie yule mgeni, mwombe akuonyeshe ni namba ipi katika milinganyo yake ambayo hakuna aliyewahi kuipima kwa nyumbu.